Mkanda Uliokatika Sekenke

Watu wengi wakitajiwa dhahabu ya Tanzania hufikiria Geita, na wenye umri mkubwa kidogo huongeza Chunya. Mimi hufikiria Sekenke. Ipo Iramba, mkoani Singida, pale nyanda za juu zinapoporomoka ghafla kuelekea mbuga ya Wembere. Madereva wa malori wa zamani wanaijua kwa sababu nyingine kabisa, maana kabla ya lami kupita, mlima Sekenke ulikuwa unakula magari. Lakini kwenye historia ya madini yetu Sekenke ndiyo kifungua mimba. Geita dhahabu ilionekana tangu mwishoni mwa karne ya 19, ila mgodi wenyewe ukaja kuanza miaka ya 1930. Lupa, kule Chunya, ni 1922. Sekenke ilianza kuchimbwa 1909, Mjerumani akiwa mtawala, na wakati huo reli ya kati ilikuwa bado haijafika hata Tabora.

Nilikwenda huko mwaka 1997 nikiwa mwanafunzi wa jiolojia, kwenye mafunzo ya vitendo. Tulikuwa kundi dogo na mwalimu wetu, tukilala kwenye mahema, na kazi tuliyopewa ilikuwa kuchora ramani ya machimbo ya zamani: mashimo, mitaro, vifusi, na mikanda ya jiwe jeupe yenye dhahabu kila ilipojitokeza juu ya ardhi. Wachimbaji wadogo walikuwa wameshajaa eneo hilo. Maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, yalishuka sambamba na machimbo ya kale, yameegemezwa kwa matimba, yaani nguzo za miti, na kila penye kivuli palikuwa na mtu anaponda mawe.

Kwenye kundi letu msichana nilikuwa peke yangu. Siku tuliyopangiwa kushuka kwenye duara mojawapo, kiongozi wa pale alimvuta mwalimu pembeni na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba vijana wa kiume washuke tu, ila mimi nisisogee. Mwanamke akikanyaga mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Mwalimu alijaribu kubishana naye. Mimi nilisimama na kamba yangu mkononi, nimechomwa na maneno yale kuliko nilivyotaka ionekane. Imani hiyo ipo kwenye machimbo mengi na imewanyima wanawake wengi riziki. Sijawahi kuiona kuwa jambo dogo. Mwisho mwalimu akanigawia kazi nyingine: mtaro wa zamani wa upande wa mlimani, ambao kila mtu aliuita wa Mjerumani. Akaniombea mzee mmoja wa kijijini anitembeze.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wamekufukuza?"

"Wamenikataza."

"Haya, twende. Huku hakuna wa kukukataza."

Mzee huyo alikuwa ameingia mgodini akiwa kijana mdogo, enzi za Mwingereza, akisukuma troli za mawe. Baba yake alikuwa mbeba mizigo pale pale wakati wa Mjerumani. Hakuwahi kusoma jiolojia, lakini alitembea kwenye kile kilima macho chini, akigeuza mawe kwa ncha ya fimbo. Nikamuuliza watu wa kwanza waliijuaje dhahabu ilipo, wakati kilima chote ni vichaka na kokoto. Hakunijibu palepale. Alinishusha hadi kwenye korongo kavu, akachota mchanga wa chini kabisa, ule uliokaa juu ya mwamba, akautia kwenye karai.

Aliyonionyesha pale nilikuwa nimeyasoma darasani kwa maneno mazito, nikajibia mtihani, nikafaulu. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, lile jiwe jeupe linaloibeba, haifiki hata mara tatu. Mvua ikibomoa mkanda juu ya kilima, punje zinateremka na mchanga, lakini hazifiki mbali. Zinazama na kujificha kwenye nyufa za mwamba na nyuma ya mawe makubwa. Kwa hiyo mtafutaji huosha mchanga huku akipanda korongo. Chembe zikizidi, na kingo zake zikizidi kuwa kali kwa kuwa hazijasagwa na safari, anajua anakaribia. Halafu ghafla chembe zinakoma. Hapo ameshaipita. Anarudi nyuma hatua chache, anaacha korongo, anaanza kuosha udongo wa pembeni mpaka apate mahali pa kuchimba mtaro. Mtaro huo anauchimba kwa kukatiza upande mkanda unaodhaniwa kulala, kamwe si kwa kuufuata, ili lazima uukate popote ulipo.

"Mzungu aliandikwa kuwa ameigundua," mzee alisema, huku karai likizunguka mikononi mwake. "Waliochota maji na kuosha mchanga hawakuandikwa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la kazi, kati ya vipimo vya dira, na mwalimu alipoyaona hakuyafuta.

Mtaro wenyewe ulikuwa umejaa udongo nusu, kuta zake zimemomonyoka, mti wa mgunga umeota katikati. Tulisafisha ukuta mmoja kwa jembe na brashi. Mwamba ukajitokeza: jiwe la kijani lililokolea, lenye tabaka nyembamba kama kurasa. Hayo mawe ya kijani yalianza kama lava. Yalimwagika wakati dunia haina jani wala mnyama, takriban miaka bilioni 2.7 iliyopita, kisha yakafunikwa, yakakunjwa, yakapashwa joto mpaka madini yake yakabadilika na kuwa ya kijani. Wanajiolojia wanayaita miamba ya Nyanza, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayozunguka Ziwa Victoria, kuanzia Geita mpaka Tarime na kuvuka kwenda Kenya. Sekenke ni kipande chake kilichobaki huku kusini, kimezungukwa na graniti pande zote.

Dhahabu haikuja na lava. Ilikuja baadaye, ndani ya maji ya moto yaliyopanda kutoka kilomita nyingi chini, yakipita kwenye nyufa ambamo mwamba ulikuwa unasagana. Maji hayo yalikuwa yamebeba salfa, na salfa ndiyo iliyoshika dhahabu ikabaki imeyeyuka. Yalipofika kwenye jiwe la kijani, ambalo limejaa chuma, salfa iliiacha dhahabu ikakamatana na chuma, ikawa pairaiti. Dhahabu ikabaki haina wa kuibeba, ikaganda palepale, ndani ya kwatzi na kando yake. Ndiyo maana mchimbaji mzoefu haangalii jiwe jeupe peke yake. Anaangalia pale jiwe jeupe linapogusana na jiwe la kijani, na anatafuta kutu.

Kutu ile tuliikuta. Mkanda ulikuwa na upana wa kiganja changu, mweupe kwa ndani, ila pembeni umetoboka vitundu vidogo vyenye pembe nne, vimejaa unga wa rangi ya matofali. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya punje ya pairaiti iliyooza. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji ya mvua huozesha pairaiti na kuiachia dhahabu iliyokuwa imefungiwa humo. Watafutaji wa zamani waliipenda sana sehemu hii ya juu, maana ukiponda jiwe na kuliosha, dhahabu unaiona. Ukishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, pairaiti bado ni nzima, dhahabu imejificha ndani yake, na kinu na karai haviitoi tena kirahisi. Machimbo mengi ya mwanzo duniani yalifia hapo, wenyewe wakidhani dhahabu imeisha. Njia ya kutumia sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, iliyobuniwa Scotland mwaka 1887, ndiyo iliyoyapa mengine uhai wa pili.

Tuliufuata mkanda ule kwenye ukuta wa mtaro, mzee mbele, mimi nyuma na futi kamba, mpaka ukakatika. Haukuwa umepungua taratibu na kuisha. Ulikatwa kama kwa panga. Mbele yake palikuwa na jiwe la kijani tupu. Waliochimba mtaro nao walikuwa wameishia hapo, na hatua chache zaidi ya hapo kulikuwa na shimo la majaribio lililoachwa, kina cha mtu mmoja.

"Walichimba upande ule," mzee akasema, akionyesha kaskazini. "Hawakupata. Weka mkono hapa."

Palipokatika mkanda palikuwa na uso wa mwamba uliosimama wima, umeng'aa kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa, wenye mikwaruzo iliyolala sambamba. Alinishika kiganja, akakiweka juu yake, akakisukuma kuelekea kusini. Kikateleza. Akakirudisha kuelekea kaskazini, na vidole vyangu vikakwama kwenye vijingazi vidogo mno, ambavyo kwa macho sikuwa nimeviona. Mwamba ukipasuka na pande mbili zikisuguana, huacha alama hizo, na kiganja kikiteleza, ndiko upande wa pili ulikokwenda. Kanuni hiyo ilikuwa kwenye kitabu changu, na mchoro wake ninaukumbuka. Mzee aliipata gizani, chini ya ardhi, kwa kushika kuta zamu baada ya zamu. Nami tangu siku hiyo nikifika kwenye mpasuko wowote hugusa kwanza ndipo nitoe dira.

Alisimulia mengi wakati tunachimba upande wa kusini. Aliniuliza kama nimewahi kuona hela ya tembo. Sikuwa nimeiona. Baba yake alimwambia kwamba dhahabu ya kilima hiki iliwahi kuchorwa tembo, na mimi, nakiri, niliichukulia kuwa hadithi ya wazee. Ni kweli tupu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni la Mjerumani lilizingirwa, meli hazifiki, fedha zikaisha. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli pale Tabora, wakaanza kujipigia sarafu wenyewe: senti za heller kwa shaba nyekundu na ya njano, na sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya milima, na chini yake herufi T ya Tabora. Walipiga 16,198. Kila moja ina gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu, kwa hiyo zote pamoja ni karibu kilo 87 za dhahabu halisi. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora na kazi hiyo ikakoma. Nilikuja kuiona mojawapo miaka mingi baadaye, kwenye maonyesho, nyuma ya kioo. Maandishi ya chini yake yalitaja Tabora. Sekenke haikutajwa, na nilimwambia mhusika wa maonyesho kwamba inapaswa kutajwa.

Fikiria kilo 87 hizo zilitoka wapi. Hata jiwe zuri, lenye gramu 10 kwa tani, linakupa kidonge cha nusu ya sentimita ya ujazo tu kwa tani nzima iliyochimbwa, ikapandishwa, ikapondwa na kuoshwa. Mgongo wa baba yake mzee yule umo ndani ya hesabu hiyo.

Mkanda tuliukuta jioni, kusini, umesogea kama mita tatu. Upana uleule, kutu ileile. Mwalimu aliporudi kutoka kwenye maduara na wenzangu, tulikuwa tumeshaponda kipande kwenye kinu cha chuma na kukichekecha kwa kitambaa. Mzee aliniachia karai. Nikalizungusha, nikamwaga ule weupe kidogo kidogo, kisha mchanga mweusi, mpaka ukabaki mkia mwembamba wa njano uliojikunja ukingoni. Mwalimu alipiga magoti, akautazama kwa lenzi muda mrefu, ndipo akachukua ramani yangu na kuchora mwenyewe mshale wa mpasuko, kusini, kwa kalamu ya wino.

Habari ilitufikia kambini kabla hatujamaliza kula. Asubuhi kiongozi wa duara alikuwa tayari mtaroni na vijana wake, akiangalia mahali tulipofukua. Alimsalimia mzee, akamuuliza mkanda unaelekea wapi tena baada ya hapo, maana wao chini kule ulikuwa umewakatikia vilevile.

"Muulize huyu," mzee akasema. "Ndiye mwenye ramani."

Nikamwambia aweke kiganja kwenye mwamba, asukume kusini, halafu kaskazini. Akasukuma, akarudia. Kisha akaniuliza kama naweza kwenda naye kuangalia ukuta wa kwao, na njia nzima hadi kwenye duara alinipokea begi la sampuli.