Badala ya kuuliza kama mgonjwa anameza dawa

Wengi wetu tunaotoa dawa katika kliniki za Dar es Salaam tumezoea kumuuliza mgonjwa wa presha au kisukari kama anameza dawa zake inavyotakiwa, naye hujibu kwamba anameza, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayependa kuonekana mkaidi mbele ya foleni iliyofika mlangoni. Jibu la namna hiyo halinisaidii kitu. Nimeona kuna faida kubwa zaidi katika kumuuliza ana uhakika kiasi gani kwamba ataweza kuzimeza siku mambo yatakapomwendea mrama.

Wazo lenyewe si geni. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba mtu hushika jambo na kudumu nalo kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza, na wataalamu wa dawa wakalichukua wazo hilo. Mojawapo ya madodoso yaliyotokana nalo, lililochapishwa mwaka 2007 na linalojulikana kwa kifupi kama SEAMS, lina vipengele 13 ambavyo mgonjwa huvijibu kwa ngazi tatu: hana uhakika, ana uhakika kiasi, au ana uhakika kabisa. Jumla huanzia alama 13 hadi 39. Lilitungwa Marekani kwa kuwafikiria pia watu wasiosoma kwa urahisi, na kwa sababu hiyo linafaa kuulizwa kwa mdomo.

Ninachokipenda ni kwamba vipengele vyake vinataja mazingira: ukiwa safarini, ukiwa na shughuli nyingi, dawa zikikuletea maudhi, pasipo na mtu wa kukukumbusha, na vidonge vinapokuja na sura tofauti na ile uliyoizoea. Hicho cha mwisho hapa kwetu kina uzito mkubwa, kwani amlodipini, dawa ya presha, ya mwezi huu inaweza kutoka kiwanda kimoja na ya mwezi ujao kiwanda kingine. Mama mmoja wa Mbagala alinijibu “nina uhakika kabisa” karibu kila nilipouliza, tena kwa haraka, mpaka tulipofika kwenye vidonge vyenye sura mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hivyo mwanangu naviweka kwanza kabatini mpaka nije nikuulize.” Kwa mgonjwa anayerudi kliniki baada ya mwezi, maana yake ni mwezi mzima bila dawa, na hakuna hata mara moja ambayo angejihesabu kuwa ameacha tiba.

Ndiyo sababu siipi jumla ya alama heshima kubwa. Wagonjwa wawili wanaweza kupata alama sawa, mmoja akiwa anahofia maudhi na mwingine hajui atapata wapi dawa kabla za sasa hazijaisha, na msaada wao haufanani hata kidogo. Suala la fedha nalo lisisahaulike: dodoso lingine la mwaka 2003, la wagonjwa wa presha, lenye vipengele 26, linauliza waziwazi kuhusu dawa zinapokuwa ghali, na kwa asiye na bima, anayenunua vidonge vya siku chache kila apatapo hela, mimi huanzia hapo.

Kujiamini, hata hivyo, si sawa na kupatia. Yupo anayemeza kidonge cha kutwa mara moja asubuhi na jioni kwa uhakika wote, akapata alama za juu. Kwa hiyo baada ya maswali humwomba mgonjwa anioneshe, kwa kutumia pakiti zake mwenyewe, atakavyomeza kesho. Muulizaji naye ana uzito wake, maana kumwambia daktari usoni kwamba huna uhakika na alichokuandikia ni vigumu, hasa kwa wazee wetu. Mhudumu asiyemwandikia dawa huambulia ukweli zaidi. Jumla inabaki kwenye faili. Kipengele alichosita ndicho ninachokiandika kwenye kadi yake ya kliniki, ili atakayempokea mwezi ujao aanze nacho.