Leo tena wameniita mvivu: siku moja ya mtunza bustani Lubumbashi

Naamka Katuba saa kumi na moja kasoro, bado giza. Chai, kipande cha mkate, taksi-basi mpaka mjini, halafu mguu mpaka mtaa wa Golf, ninakofanya kazi ya bustani mwaka wa tisa sasa. Wengine wanatuita boyi wa bustani. Sawa. Mkononi nina kupekupe, chuma cha kufyekea, lakini siku hizi nusu ya kazi yangu ni kutokata, na hiyo ndiyo nusu isiyoonekana kuwa kazi.

Saa kumi na mbili na robo niko getini. Nafagia njia, nafagia mbele ya baraza, namwaga maji ya mvua ya usiku yaliyolala kwenye mikebe na tairi kuukuu. Hapo sichezi. Mbu anazaa majini, ingawa mtaa mzima unaapa kwamba anazaliwa kwenye majani.

Saa moja naenda kwenye maboga. Ua la boga linafunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajikunja. Dume liko peke yake, jike peke yake, na unga wa dume, yaani chavua, ni mzito, unanata, upepo haubebi mpaka kwa jike. Lazima nyuki apite. Mwaka juzi, lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ikiwa safi kama sahani, viboga vilikuwa vinafika ukubwa wa yai la kuku, vinageuka njano, vinaoza. Mama mwenye nyumba akasema ni mbolea. Tukanunua mbolea. Vikaoza tena, safari hii vikiwa vimeshiba.

Ndipo nikamwomba aniachie ukanda mmoja kando ya ukuta, hatua ishirini kwa nne, nisiufyeke tangu mvua za Novemba. Yaliyoota hakuna aliyeyapanda: kishona nguo, marejea ya njano, na ule mmea wa kutambaa wenye ua dogo la buluu linalofumba mchana. Wakaja nyuki wa asali, wakaja na wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, wanaolia kama pikipiki. Watu wanawakimbia hao weusi, na kumbe ndio mafundi: wanaling'ang'ania ua la nyanya na kulitetemesha mpaka limwage unga, kazi ambayo nyuki wa asali hajui. Ua la marakuja nalo linawasubiri wao.

Na mtu asidhani kuacha ni kulala. Kila Jumatatu navuta kamba na kukata ukingo unyooke. Nang'oa lantana kabla haijameza wenzake. Karibu na nyumba nafyeka hatua tano, kwa ajili ya nyoka. Mvua zikiisha na mbegu zikishadondoka, nakata yote mara moja.

Saa tatu akaingia Tantine.

Tantine ni dada yake mwenye nyumba, ametoka Likasi, maana Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya binti wa hapa. Mama yuko kazini. Nikasikia mkoba unatua barazani, kisha kimya, kisha viatu.

"Papa, jambo."

"Jambo Mama. Karibu sana."

"Hii ni lupango ao ni pori?"

Nikaeleza maboga, nikaeleza nyuki. Akauliza: wakwe wakiumwa? Nikasema nyuki aliye kwenye ua ana shughuli zake, mkali ni yule anayelinda mzinga, na hapa hakuna mzinga. Akauliza nyoka. Nikamwonyesha hatua tano. Akazipima kwa viatu vyake, akapata nne na nusu. Akaniuliza kama nimechoka, kama ni mgonjwa, kama mshahara umechelewa. Halafu akasema neno lililonikata: "Wakwe watasema mtoto wetu hajui kufagia."

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Kwetu binti anasomwa kwenye uwanja wa mama yake. Mama yangu mwenyewe alifagia udongo mtupu kila alfajiri mpaka ufagio uache mistari kama ya kitana, na jani moja likianguka juu ya mistari ile, tuliitwa kwa majina yetu yote.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia hapa Katanga ua la porini si la kudharau. Kuna moja, Haumaniastrum katangense, la jamii ya mnanaa, linalostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi, na watafuta madini walikuwa wakilitazama kama alama. Akanisikiliza vizuri kabisa.

"Na hapa kuko shaba?"

"Hapana, Mama."

"Basi kata."

Tukabishana mpaka jua likawa juu ya utosi. Mwisho tukaelewana: nusu ya upande wa geti ninafyeka, nusu ya nyuma inabaki, lakini nizungushie matofali ya chokaa, ionekane tumeipanda. Nikaona nimeshinda kidogo. Nikaenda kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa sentineli, mlinzi wa geti.

Niliporudi, vijana wawili aliowaita Tantine kutoka barabarani walikuwa wameshavuka alama yangu. Marejea yote chini. Nyuki mmoja mweusi alikuwa anazunguka pale maua yalipokuwa, anashuka, anapanda, anashuka. Nikapiga kelele, wakanishangaa. Mmoja akasema, kwa heshima kabisa: "Papa, tumekusaidia."

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Mvua ilipiga, ikakoma. Nilibeba matofali, nikapaka chokaa mpaka kiuno kikagoma. Zimebaki hatua saba za kishona nguo, zimezungushiwa matofali meupe kama kaburi la chifu. Tantine akatoka, akatazama, akasema: "Eh, sasa inaonekana ni ya watu." Mama aliporudi na kuona marejea chini alishika kiuno, akamtazama dada yake, hakusema kitu.

Kwenye taksi-basi ya jioni binti mmoja aliyekaa pembeni yangu alianza kunibandua mbegu za kishona nguo kwenye suruali, akizitupa dirishani. Nikamwomba zilizobaki aniachie. Akasogea kidogo.

Kesho saa moja naanza na maboga, nihesabu nyuki. Kuna majike saba yanayofunguka. Wasipotosha, nachuma madume, nachambua petali, nalipaka kila jike mwenyewe kwa mkono, na Tantine akinikuta nimeinama pale na ua mkononi, aseme atakachosema.