Sharti la mkanda wa Prestwick

Septemba 1859 Allan Robertson, mchezaji na fundi wa mipira ya gofu, alifariki mjini St Andrews, na gofu ya Uskoti ikabaki bila mfalme. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amezunguka mashimo 18 ya St Andrews kwa mikwaju 79, wa kwanza kushuka chini ya 80 pale. Nani anafuata? Watu wa mji wa Musselburgh walisema ni Willie Park wao. Upande wa pili walisema ni Tom Morris, mzaliwa wa St Andrews aliyekuwa akitunza kiwanja cha Prestwick, pwani ya magharibi. Ubishi wa namna hiyo hauishi kwa maneno, kwa hiyo klabu ya Prestwick ikaamua kuumaliza kiwanjani.

Ndipo ilipozaliwa Open, mashindano makongwe kuliko yote makubwa ya gofu yanayochezwa hadi leo. Yalikuja na sharti moja ambalo miaka kumi baadaye lilikaribia kuyaua. Wengi wakisimulia historia hii hukimbilia mabingwa. Mimi naona ufunguo wake uko kwenye lile sharti.

Waliosukuma jambo ni Kanali James Ogilvie Fairlie na Lodi Eglinton. Huyu Eglinton ndiye aliyeandaa mashindano ya kivita ya mtindo wa kale mwaka 1839, watu wazima wamevaa deraya na kushika mikuki, na mvua ikayaharibu. Kwa mtu wa namna hiyo, haishangazi kwamba zawadi ya gofu ilikuwa mkanda, kama wa mabondia, wala si kikombe. Ngozi nyekundu ya Moroko, bizimu pana ya fedha, vibamba vya fedha vilivyochorwa. Gharama: pauni 25.

Masharti ya kuutwaa yalikuwa machache. Bingwa hakuondoka nao hivi hivi. Uliachwa kwa mweka hazina wa klabu mpaka alete dhamana ya kuiridhisha kamati kwamba utatunzwa na utarudishwa mezani mwaka unaofuata. Na atakayeshinda mara tatu mfululizo, mkanda ni wake moja kwa moja.

Tarehe 17 Oktoba 1860 walifika wachezaji wanane, wote wa kulipwa. Neno "wa kulipwa" lisikupeleke mbali. Hawa walikuwa makedi, watunza viwanja na mafundi wa mipira na fimbo, watu ambao mabwana wa klabu waliwalipa kuwabebea vifaa na kucheza nao. Siku hiyo hapakuwa na hata senti ya zawadi.

Kiwanja cha Prestwick kilikuwa na mashimo 12, kilichopangwa na Morris mwenyewe mwaka 1851. Urefu wote ulikuwa yadi 3,799, na nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba njia za mashimo zilikatana. Kwa watu wanane inavumilika. Kwa umati ni hatari tupu. Raundi tatu za mashimo 12 zilitoa 36, zote siku moja, na siku ya Oktoba Uskoti ni fupi. Jambo la pili lililokuwa na uzito ni namna ya kuhesabu. Mechi za dau zilizowapa hawa jamaa riziki zilishindaniwa shimo kwa shimo: ukiharibu shimo moja kwa mikwaju 11, umepoteza shimo moja tu. Prestwick walihesabu kila mkwaju, mwanzo hadi mwisho. Shimo moja bovu halisahauliki.

Matokeo yanalionyesha hilo. Park alipiga 55, 59 na 60, jumla 174. Morris alipiga 58, 59 na 59, jumla 176. Ukitazama vizuri, raundi ya pili walilingana na ya tatu Morris alimshinda Park kwa mkwaju mmoja. Mkanda ulikwenda Musselburgh kwa mikwaju mitatu ya raundi ya kwanza. Aliyeshika mkia, William Steel, alimaliza na 232.

Kabla hujacheka hizo namba, angalia vifaa. Hadi mwaka 1848 mpira wa gofu ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya yaliyochemshwa, ya kujaza kofia ndefu ya bwana mmoja. Manyoya yakikauka yanatanuka, ngozi nayo inasinyaa, na hapo ndipo mpira unapopata ugumu. Fundi mzuri alitoa mitatu au minne kwa siku, na mvua ikiingia kwenye mshono, mpira kwisha habari yake. Kisha ikaja gataperka, utomvu wa mti wa Malaya. Unaulainisha kwa maji ya moto, unaufinyanga duara, unautia kwenye maji baridi, basi. Bei ilishuka sana. Kasoro yake ni kwamba mpira mpya, laini, ulipaa kidogo na kudondoka chini ghafla. Wachezaji waligundua kuwa ile iliyokwisha kuchubuliwa na fimbo ndiyo inayoruka vizuri, ndipo mafundi wakaanza kuigonga kwa nyundo na kuitia alama kabla ya kuuza. Hata hivyo iliweza kupasuka hewani, na ikipasuka uliendelea kucheza kutoka pale kilipoangukia kipande kikubwa zaidi. Robertson aliichukia gataperka kwa sababu ilimharibia biashara ya manyoya. Husimuliwa kwamba yeye na Morris, aliyekuwa akimfanyia kazi, walitengana baada ya Morris kuonekana akiucheza mpira huo wa adui. Bila ugomvi ule huenda Morris asingehamia Prestwick.

Uwanja wenyewe nao haukuwa zulia. Mpira wa kuanzia shimo jipya uliwekwa juu ya kichuguu cha mchanga, hatua chache tu kutoka shimo ulilolimaliza, na mchanga wenyewe kedi aliuchota ndani ya shimo. Kufikia jioni shimo lilikuwa refu, kingo zimemomonyoka, na nyasi za kuzunguka zimekanyagwa vibaya. Ukikosa mkwaju wa futi tatu hapo, lawama si zako peke yako. Morris alijulikana sana kwa ugonjwa huo. Inasimuliwa kuwa barua iliyoandikiwa "mkosaji wa mikwaju mifupi, Prestwick" ilimfikia bila shida.

Mwaka 1861 ndipo mashindano yalipofunguliwa kwa wote, wa ridhaa kwa wa kulipwa, na Fairlie mwenyewe akaingia kucheza. Morris akashinda kwa 163. Mwaka 1862 akarudia 163 ileile, akimwacha wa pili kwa mikwaju 13, pengo ambalo halikuvukwa katika mashindano yoyote makubwa hadi Tiger Woods alipoweka 15 kwenye Open ya Marekani ya mwaka 2000.

Basi mwaka 1863 Morris alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo, anahitaji moja tu kuuchukua mkanda jumla. Park akamzuia, 168 kwa 170. Hatari ilikwisha kubisha hodi mwaka wa nne tu, na klabu haikugusa sharti lake. Walichobadilisha ni fedha: mwaka huo zilitengwa pauni 10 kwa wa pili, wa tatu na wa nne, bingwa akabaki na mkanda mtupu. Mwaka 1864 ndipo bingwa, Morris tena, alipopata pauni 6.

Morris alichukua ubingwa wa nne mwaka 1867 akiwa na miaka 46, na hakuna bingwa wa Open aliyewahi kumzidi umri. Mwaka uliofuata mwanawe Tommy akashinda akiwa na miaka 17, baba akiwa wa pili. Rekodi zote mbili, ya mzee na ya kijana, ziko nyumba moja.

Tommy alishinda tena 1869. Mwaka 1870 kila aliyefika alijua kinachowindwa. Shimo la kwanza la Prestwick lilikuwa la yadi 578, karibu mita 530, na kwa fimbo za mti na gataperka, mtu mzuri aliridhika na sita. Tommy alilimaliza kwa mikwaju mitatu. Mkwaju wake wa tatu ulipigwa kutoka mbali na mpira ukatumbukia. Raundi hiyo ikaisha kwa 47, yaani chini ya wastani wa mikwaju minne kwa shimo, kisha 51 na 51. Jumla 149. Waliomfuata, wawili, walikuwa na 161.

Mkanda ukaenda nyumbani kwa akina Morris, na klabu ikabaki haina cha kushindaniwa. Eglinton alikufa 1861, Fairlie naye 1870, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kugonga meza. Mwaka 1871 Open haikuchezwa. Ufumbuzi ulipatikana 1872: Prestwick, St Andrews na klabu ya mabwana wa Edinburgh iliyokuwa ikichezea Musselburgh zikachanga pauni 10 kila moja kununua jagi la fedha, na mashindano yakawa ya kupokezana. Safari hii jagi halichukuliwi na mtu, hata ashinde mara ngapi.

Muda ulikuwa mfupi, jagi halikuwa tayari, kwa hiyo Tommy aliposhinda tena 1872 alipewa medali. Jina lake ndilo la kwanza kuchongwa kwenye jagi, ingawa wa kwanza kulishika ni Tom Kidd, St Andrews, 1873. Hesabu ya 36 ilifaa kote: raundi tatu Prestwick, mbili St Andrews kwenye mashimo 18, nne Musselburgh kwenye mashimo tisa. Ilidumu hadi 1892, walipoongeza hadi mashimo 72.

Tommy alifariki sikukuu ya Krismasi 1875, akiwa na miaka 24. Mkanda ulibaki katika ukoo hadi 1908, mwaka aliofariki Mzee Tom Morris, ndipo wajukuu wake walipoukabidhi kwa klabu ya R&A, St Andrews.