Kizibo cha Mzee Gray

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeganda kwenye 2 Wakorintho 4:7, ile ya hazina kwenye vyombo vya udongo, na kilichonigandisha wala si mahubiri, ni habari za mzee mmoja Mwingereza anaitwa Stephen Gray.

Kazaliwa Canterbury 1666, kazi yake kutia rangi vitambaa, uzeeni akaishia Charterhouse, London, nyumba ya kutunza wazee wasio na uwezo. Mwaka 1729 alikuwa na mrija wake wa kioo, ukiusugua unapata umeme na kuvuta unyoya, hilo watu walishalijua. Yeye kaziba ncha zake kwa vizibo, vumbi lisiingie tu, hana zaidi. Mara unyoya unakimbilia kizibo! Na kizibo hakijasuguliwa jamani.

Akachomeka kijiti kwenye kizibo, mwisho wa kijiti kagololi ka pembe ya ndovu, nako kakavuta. Akaunga kamba, hii hii ya kufungia vifurushi, ikapitisha. Akaenda Kent kwa rafiki yake Granville Wheler, wakaitundika kamba kwa nyuzi za hariri, wakazidi kuirefusha mpaka uzito ukakata hariri. Sasa wakawaza kama ambavyo ningewaza mimi, tuweke kitu chenye nguvu, wakaweka waya wa shaba. Kamba imeshikwa vizuri kabisa ila wanasugua weee, huku mwisho hakuna kinachovutwa, umeme wote unapotelea kwenye waya. Wakarudi kwenye hariri, na baadaye ukafika futi 765.

Hapo ndo nimekwama. Kuna miaka nilipewa kwaya niiongoze, nikaishika kweli kweli, sare zipo, mazoezi yapo, hakuna anayechelewa, lakini kila sifa ilikuwa ikifika kwangu inaishia hapo hapo. Nilikuwa shaba. Na bado watu walinisifia uongozi mzuri, mjue.

Mzee Gray alipewa medali ya Copley 1731, tuzo ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, wa kwanza kabisa kuipata, na makazi yakabaki yale yale ya wazee. Februari 1736 yuko kitandani hoi, katibu wa Royal Society, Cromwell Mortimer, kaketi pembeni anaandika, mgonjwa anaeleza majaribio yake mapya, anasema Mungu akimwongezea siku kidogo atayakamilisha. Kesho yake akafariki.