Paka, mbwa na sensa ya alamu sebuleni

Sensa ya mwendo haioni umbo la mtu. Inahisi joto linalohama mbele yake, ndiyo maana paka akikatiza sebuleni saa nane usiku king'ora kinalia kana kwamba mwizi kaingia.

Nunua sensa inayovumilia wanyama, na usome uzito wa mnyama inaoweza kuuvumilia. Nyingi huishia kati ya kilo 18 na 25. Ifunge kwa kimo kilichotajwa kwenye kijitabu chake, mara nyingi mita 2.1 hadi 2.4, ikiwa wima kabisa. Ukiiinamisha, sehemu inayotakiwa kumtazama mtu inashuka sakafuni, na uvumilivu wote unapotea.

Wengi hukosea hapa: wanasahau kuwa paka hakai sakafuni. Akipanda mgongo wa kochi au juu ya kabati, ameshaingia eneo la mtu, na akiwa mita moja tu kutoka kwenye sensa, hata paka wa kilo 4 anaonekana mkubwa. Kwa hiyo usiielekeze kwenye kochi, rafu wala, mbaya zaidi, ngazi.

Mjusi akitambaa juu ya lenzi yenyewe, hakuna uvumilivu utakaosaidia. Ziba tundu la waya kwa silikoni na ufute utando wa buibui.

Kisha washa hali ya majaribio, weka chakula cha paka juu ya kochi, utazame taa ya sensa anaporuka. Ikiwaka, hamisha sensa.

Mwenye mbwa wa kilo 40 anayelala ndani aache sensa hizi, afunge za sumaku, zinazohisi mlango au dirisha likifunguliwa, milangoni na madirishani.