Mwite Pembeni Kwanza

Apolo alifika Efeso akiwa msomi, hodari katika Maandiko, na mdomo anao. Habari za Yesu alizifundisha kwa usahihi, ila ubatizo alioujua ni wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, wakamsikia sinagogini. Matendo 18:26 inasema walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana “kwa usahihi zaidi”. Hilo neno “zaidi” nalipenda: alichokuwa nacho hakikutupwa, kiliongezewa. Alipotaka kwenda Akaya, ndugu wakamwandikia barua ya kumpokea. Jina lake halikuwa limechafuka.

Kwetu, mara nyingi mkosaji huwa wa mwisho kujua. Kwaya imeshajua, jumuiya imeshajua kupitia lile ombi la “tumwombee ndugu yetu fulani, mambo si mazuri”. Hayo ni masengenyo yaliyofumba macho na kuinamisha kichwa. Mathayo 18:15 inasema ndugu akikosa, nenda ukamwonye, na imetaja idadi: wewe na yeye, peke yenu.

Kabla hujaenda kumwonya, jiulize: nimeona kwa macho yangu au nimeletewa? Ni dhambi, au ni jambo tu lisilonipendeza mimi? Mtindo wa nywele, aina ya chakula, siku ya kusali: yasome kwanza na Warumi 14, inayotukataza kuhukumiana kwa mambo kama hayo. Asilimia kubwa ya safari hizi ingeishia hapo, na ingekuwa heri.

Usimshike mlangoni baada ya ibada watu wakipita, wala usimwandikie WhatsApp. Maandishi hayana sauti, na upole uliokuwa nao ukiandika hautafika. Kitakachofika ni maneno makavu, tena yanayoweza kusambazwa. Nenda mkakae. Usianze na “watu wanasema”, maana hapo hapo ataacha kukusikiliza aanze kuwatafuta hao watu. Sema ulichokiona wewe: “Ndugu, Jumapili nilikusikia ukimjibu mzee vile. Nisaidie kuelewa.” Kisha nyamaza, na ujiandae kugundua kwamba hukuelewa. Beba jambo moja. Ukichomoa na ya mwaka juzi, atajua ulikuwa unaweka daftari.

Kwa aliyekuzidi umri, 1 Timotheo 5 inataka umwonye kama baba au mama: shikamoo kwanza, kaa chini, na pengine hekima ni kumpitia mzee mwenzake. Ukiwa mwanamume na unayemwendea ni dada, mkeo au mama wa kanisa awepo.

Akikataa, chukua mmoja au wawili. Hawa si wa kukuongezea sauti. Ni mashahidi, kwa hiyo wanaweza kukuambia kuwa mwenye kosa ni wewe. Kanisa huambiwa baada ya hapo. Paulo alimkabili Petro mbele ya wote kule Antiokia kwa sababu kosa lenyewe, kujitenga na waumini wasio Wayahudi, lilikuwa la hadharani na hata Barnaba, mwenzake Paulo, alikuwa ameshavutwa. Na palipo na mtoto aliyedhulumiwa au mtu anayepigwa, “peke yenu” haihusiki: mlinde aliyeumizwa, kisha polisi.

Wagalatia 6:1 inasema “mrejezeni upya”. Kitenzi hicho cha Kigiriki ndicho kilichotumika kwa Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao. Wavu uliochanika hushonwa kwa vidole, tundu kwa tundu, ili kesho urudi majini.

Hapa ndipo wengi tunapoachia njiani. Ndugu ametubu, lakini hapewi zamu ya kusoma neno, na akiingia mazungumzo hukatika. Paulo aliwaambia Wakorintho wamsamehe na kumfariji mtu wa namna hiyo, asije akamezwa na huzuni. Basi wale mashahidi wawili wapigie simu uwaambie jambo limekwisha, na ratiba ya mwezi ujao ikipangwa, jina lake liwemo.