Chupa ya dawa iliyomfungua mdomo kijana wa dawati la nyuma

Nafundisha Kiingereza Form One shule ya kata, na kama na wewe ni mwalimu wa lugha unaijua ile hali, unauliza swali darasa zima linainamia madaftari. Watoto 70 na kitu, miaka 13, 14, wamesoma primary miaka 7 kwa Kiswahili alafu Januari wanaingia sekondari wanakuta bailojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza. Ile orientesheni ya wiki chache haiwezi kuziba miaka 7 jamani.

Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikawa nawatisha na mtihani wa Form Two, mara mtarudia darasa, mara maisha yatawashinda, na mtoto wa miaka 14 hayo kwake ni mambo ya mbali mno. Shule niliyoanzia kazi tulikuwa na kile kibao, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa shingoni mpaka umkamate mwenzako. Na mimi nimewavalisha watoto kile kibao. Leo naumia nikikumbuka, maana walichojifunza pale ni kunyamaza tu. Umri ule kijana yuko radhi achapwe kuliko akosee kutamka mbele ya wenzake wakamcheka, na tukilisahau hilo tutawaita wavivu mpaka tustaafu.

Muhula huu nikawaambia kila mtu alete kitu cha nyumbani chenye maandishi ya Kiingereza, boksi la betri, pakti ya sabuni, chochote, na asiye nacho nikamletea mimi maboksi ya dukani kwa jirani yangu, kuna nyumba kweli hakuna kitu. Mnakaa wawili wawili, mnajadili kwa Kiswahili mpaka muelewe, ndo mnasimama kusoma, na atakayecheka ndo anayefuata.

Kuna kijana anakaa nyuma kabisa, toka Januari sijawahi kuisikia sauti yake. Yeye kaleta chupa ya amoxicillin ya mdogo wake, ile ya unga unayochanganya na maji. Akaanza "shake well before use", neno moja moja, hiyo "shake" kaitamka sha-ke kama ilivyoandikwa, hakuna aliyecheka, mimi nikairudia tu vizuri nikamwashiria aendelee. Kufika "discard after 7 days" akakwama. Madam, discard ndo nini? Nikamwambia angalieni kwenye kamusi. Wakapekua wee mpaka wakaipata, kutupa. Akaiangalia ile chupa, dawa ilikuwa imebaki nusu, akasema taratibu, hii mama kaiweka toka mwezi wa nne, anasema mtoto akikohoa tena atampa.

Basi hapo mikono ikaanza kunyooka, na wala hawaniulizi mimi, wanamuuliza yeye. Na sisi tunayo! Imeandikwa wapi hapo? Ya vidonge je? Nikawaeleza kwamba hii dawa ikishachanganywa na maji inaanza kupoteza nguvu, ndo maana wameweka zile siku, na iliyobaki haiwekwi akiba ya kikohozi kingine, mtoto akiugua tena apelekwe akapimwe. Nilikuwa nimeandaa tenses siku hiyo. Tenses tukazifanya kesho yake, silabasi ni silabasi.

Hiyo kesho yake akanifuata kabla ya kipindi, mwenyewe, bila kuitwa. Madam, mama kaimwaga, ila ameniuliza, sasa yeye ambaye hajasoma Kiingereza angejuaje? Sikuwa na jibu la kumpa mama yake, nikaona swali hilo tuliingize darasani. Tukakata karatasi, kila wawili wakaandika lebo ya Kiswahili ya kubandika kwenye kile walicholeta. Wakagombana karibu dakika 20 kama "shake" ni tikisa, tingisha au sukasuka, wengine wanajitetea kwa Kiingereza kibovu kibovu, nikawaacha. Kijana wangu akashikilia tikisa, akasema ndo neno mama ataelewa haraka, akaandika kwa herufi kubwa, na chini yake akaongeza: BAADA YA SIKU 7 MWAGA.